Kiatu cha Kulia cha Etwa Lakra

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana habari hii ina kiatu kipya kilichotobolewa kwa makusudi na mtu mzima mwenye akili zake timamu. Kiatu kilikuwa cha Etwa Lakra, mchezaji gofu wa kulipwa, mtu wa kota za reli pale Banspahar. Aliyekitoboa ni mkewe, Jhari.

Kabla ya kuitwa mchezaji, Etwa alikuwa mburuta reki. Banspahar maji ya kunywa yenyewe ni ya foleni, sasa nani awe na wazimu wa kuyamwagia nyasi? Kwa hiyo kwenye uwanja wa gofu wa reli, kila shimo limezungukwa na duara la mchanga laini uliochanganywa na mafuta machafu ya injini, upepo usiupeperushe. Mchanga huo unashika kila unyayo, ndiyo maana sheria ya pale inakuruhusu kusawazisha njia kati ya mpira wako na shimo kabla hujaupiga. Kazi hiyo ya kusawazisha aliifanya Etwa miaka kumi na tisa, akiwaburutia reki wahandisi. Wao walipiga mpira, yeye aliramba vumbi.

Jioni wakubwa wakishaondoka, Etwa alichukua fimbo zao walizozitupa na kucheza peke yake. Hakuwa na wa kumburutia, basi akawa anafagia njia kwa wayo wa mguu wa kulia: mguu unapita mara moja, fyaa, kisha mpira unafuata na kutumbukia. Fyaa, ndani. Fyaa, ndani. Siku wahandisi walipomwita acheze nao ili wapate kichekesho, kicheko chao hakikufika shimo la tano.

"We Etwa, umeutia dawa huo mpira?" aliuliza Mhandisi Chatterjee, mkuu wa kituo, bwana mnene mwenye sauti ya kuita treni.

"Dawa ipo, mkubwa. Buruta reki miaka kumi na tisa, utaipata."

Chatterjee alicheka mpaka akashika tumbo. Ni yeye huyo huyo aliyempa ruhusa ya kwenda Kolkata kwenye mashindano ya mchujo. Ni siku nne za kucheza, na watu thelathini wa kwanza wanapewa cheti cha kucheza kwa kulipwa nchi nzima. Etwa alikuwa na miaka thelathini na saba, umri ambao wengine wanaanza kulalamika magoti. Jhari alikwenda naye kumbebea mfuko wa fimbo, kwa sababu, alisema, hawezi kumwamini mwanaume mwingine na mume wake wala na fimbo zake.

Kule Kolkata hakukuwa na mchanga. Duara la kila shimo lilikuwa la nyasi zilizonyolewa kama kidevu cha bwana harusi, na siku ya kwanza kabisa mwamuzi aliwasomea sheria: ni marufuku kugusa njia ya mpira wako, ukigusa unaongezewa mapigo mawili. Etwa aliitikia kwa kichwa. Siku tatu alijibana, akiutazama mguu wake wa kulia kama mtu anayechunga mbuzi mwizi. Siku ya nne, shimo la kumi na sita, akiwa ndani ya thelathini kwa pigo moja tu, akili ikamhama. Mguu ukatoka. Fyaa.

Hakuna aliyeona. Mwenzake aliyekuwa akicheza naye, Harinder Sodhi, mtoto wa kanali kutoka Chandigarh, alikuwa amegeuka anakunywa maji. Jhari peke yake alivuta pumzi. Etwa akanyoosha mkono kumwita mwamuzi.

"Bwana mwamuzi, nimefagia."

"Umefagia nini?"

"Njia ya mpira. Kwa mguu."

Mwamuzi akainama, akachungulia nyasi. "Mbona sioni kitu?"

"Huoni kwa sababu nimefagia vizuri."

Akaongezewa mapigo mawili. Akamaliza wa thelathini na moja.

Kwenye treni ya kurudi, walipofika stesheni ya Asansol, Jhari alimgeukia. "Ungenyamaza tu, baba Basanti. Nani angejua?"

"Kadi ya alama nasaini mimi, mama Basanti. Ningesaini nini?"

Jhari alimtazama, akataka kukasirika, akashindwa. Ukweli ni kwamba alimpenda kuliko alivyompenda asubuhi ile, na jambo hilo lilizidi kumtia uchungu. Badala ya kumgombeza mume, akaukanyaga ule mguu wa kulia kwa nguvu zake zote. "Mshenzi wewe," aliuambia mguu.

Kota zilimpokea kwa maneno, unajua watu wetu. "Mfagiaji kafagia mpaka cheti chake!" walisema pale kwenye kibanda cha chai, na wengine wakaigiza ule mguu. Chatterjee hakuigiza. Alimwita ofisini akamwambia waziwazi: "Ruhusa nakupa mara moja tena, mwaka kesho, halafu basi. Juu yangu nako kuna wakubwa. Ukirudi mikono mitupu, reki yako inakusubiri pale kwenye ukuta wa uwanja mpaka ustaafu, na habari ya gofu nisiisikie tena."

Basi ikawa vita ya mwaka mzima kati ya mtu na mguu wake. Alifunga kamba kwenye kidole gumba, kamba ikakatika. Jhari alisimama nyuma yake na kumpigia kelele "Weee!" kila mguu ulipotikisika, na mguu ukapita tu. Ukiwa ndani ya kiatu cha mazoezi, ulifika hatua ya kufagia hata sakafu ya jikoni kabla hajaweka chini sahani ya wali. Basanti, binti yao, alikuwa anacheka mpaka anapaliwa.

Kisha wakaenda kijijini kwa kina Jhari wakati wa mavuno. Etwa, miguu mitupu kama kila mtu, akawa anawaonyesha mashemeji zake namna ya kusukuma mpira kwenye nyasi za kando ya bwawa. Jhari alikuwa anapepeta mpunga, jicho liko kwake. Akaona mguu wa kulia unanyanyuka. Akaona pia unasita hewani, kisha unarudi mahali pake. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu hata haukunyanyuka. Jhari aliutupa ungo, mpunga ukamwagika, mama yake akaanza kufoka.

"Baba Basanti! Mguu wako hauna ukaidi, ni kipofu! Ukiwa ndani ya kiatu haujui kama umesimama kwenye nyasi au kwenye mchanga wetu!"

"Sasa nikacheze peku Kolkata? Watanifukuza getini."

"Nani kasema peku?"

Waliporudi nyumbani alichukua viatu vipya, ambavyo nusu ya kota ilikuwa imevichangia licha ya midomo yao yote, akakilaza cha kulia sakafuni, akashika kisu cha kukatia mboga, akatoboa soli, chini ya kidole gumba, tundu la ukubwa wa sarafu ya rupia. Etwa alipiga yowe kama anachinjwa yeye.

"Viatu vipya, mwanamke!"

"Vipya, ndiyo. Lete na soksi."

Mwaka huo Kolkata ilinyesha. Siku nne nzima maji yaliingia kwenye kile kiatu, na kila hatua nyasi zilimtekenya Etwa wayo. Akafika shimo la mwisho la siku ya mwisho. Mwamuzi wa mwaka jana alikuwa amesimama pale pale, na mpira ulikuwa hatua nne kutoka shimoni. Ukiingia kwa pigo moja, cheti. Usipoingia, ukutani kuna reki.

Mguu wa kulia ukanyanyuka kisigino. Jhari akafumba macho. Kidole gumba kikajibonyeza kwenye nyasi zilizolowa, kikatulia. Kisigino kikarudi chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba yuko ugenini. Etwa akausukuma mpira, na Jhari akausikia ukitumbukia kabla hajafumbua macho. Akawa wa ishirini na tisa. Alikaa kwenye yale maji akalia bila aibu, na mwamuzi akamshikia mwavuli.

Alicheza kwa kulipwa miaka kumi na miwili, akashinda mara mbili, Ranchi na Guwahati. Kampuni moja ikampa viatu bure, na kijana aliyevileta nusura azimie alipomwona Jhari anakuja na kisu. Sodhi hakuacha kumtania: "Lakra, shemeji bado hajakununulia viatu vizima?" Hata mara moja Etwa hakufagia tena kwenye nyasi.

Alipostaafu, Banspahar walimwandalia mchezo, mashimo kumi na nane kwenye mchanga ule ule. Chatterjee alikuja na fimbo ya kutembelea, mzee sasa, mwembamba. Etwa alipofika kwenye duara la mwisho, mzee aliweka fimbo chini, akaenda ukutani, akaitoa ile reki. Mhandisi mkuu mstaafu akaanza kumburutia Etwa Lakra njia, hatua kwa hatua, anahema.

"Mkubwa, acha, utaumia," Etwa alimwambia.

"Nilikwambia itakusubiri. Nikaona nikushikie." Akamaliza, akaegemea mpini. "Vipi, imenyooka?"

Etwa aliitazama njia. "Pale katikati umeacha unyayo, mkubwa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mzee akacheka kuliko wote. Jhari akasogea na mfuko wa fimbo begani, akainama, akamvua mumewe kiatu cha kulia.

"Fagia, baba Basanti," alisema. "Hapa ni kwetu."

Akafagia.