Kiziwi Aliyeonywa kwa Kuongea

Saa moja na nusu asubuhi, mkanda wa kiwanda cha sabuni unaanza kutembea. Mama wa miaka arobaini na mmoja anaokota vipande sita, anavipanga kwenye boksi, analisukuma. Ng'ambo ya mkanda amesimama shoga yake waliyejuana miaka tisa, anayeitwa Kishimo kwa ajili ya kishimo cha shavuni.

Hawatazamani. Wote wawili ni viziwi, na juu ya vichwa vyao kuna kamera.

Wenzao wanapiga soga tangu waingie: mume wa fulani, bei ya mafuta, nani kanenepa. Midomo inakwenda, mikono inapanga. Kamera haina neno nao. Imefundishwa kuangalia mikono tu. Mikono ikiiacha sabuni kwa sekunde nne, inaandika uzembe na kutoa onyo. Ukifikisha maonyo matatu, kazi huna.

"Tangu utoto naitwa bubu," mama huyu anasema kwa ishara, mdogo wake wa kike akitafsiri, sebuleni kwao. "Leo naadhibiwa kwa domo!"

Mdogo mtu anacheka. Dada mtu hacheki.

Onyo la kwanza alilipata kwa kumuuliza Kishimo hali ya mwanawe. La pili lilikuja siku ncha ya mtandio wa Kishimo ilipoanza kuvutwa na rola ya mkanda. Kupiga kelele kusingesaidia kitu. Aliinua mikono yote miwili, akaipunga mpaka mwenzake akaona, akauchomoa.

Alikwenda kulalamika, mdogo wake akamsindikiza.

"Dada, picha nimeiona. Umemwokoa," msimamizi alisema. "Lakini mfumo umeshaandika."

"Si ufute?" mdogo mtu akamjia juu.

"Nifute mimi?" Akaonyesha dari ya ofisi yake. "Hata mimi unaniandika."

Hii ndiyo akili bandia inayopigiwa debe kila kona! Akili gani isiyomtofautisha anayeongea na anayezembea?

Mshahara wa mama huyu ndio unaolipia vyumba viwili na ada ya binti yake wa sekondari. Ameomba kazi sehemu saba.

"Wakijua mimi kiziwi," anasema, "wananiambia watanipigia simu."

Kisha mikono yake inapunguza mwendo. Wiki iliyopita, anasema, mkono wa gauni la Kishimo uliisogelea tena rola. Aliuona. Hakuinua kitu.

"Nilihesabu moja, mbili, tatu. Nilikuwa nafikiria ada."

Kishimo alijivuta mwenyewe, wala hajui kilichopita. Mchana walikula pamoja uani, mahali pasipo na kamera. Aliyeongea ni Kishimo tu, mpaka taa ya kuwarudisha kazini ikawaka.

Sasa mama huyu ana ombi moja, ameliandika na kulipeleka kwa msimamizi: ahamishiwe boharini.

"Huko sitakuwa mbele yake," anasema. "Ikitokea, nisiwe mimi niliyeona."