Neno la Mgongoni mwa Twaibah

Mke wangu Twaibah anazoa taka za mji wa Jinja, na asiyependa kusikia hivyo azibe masikio. Mimi Siraj nakaanga chapati hapa Mafubira. Akipita na lori lao nawaambia wateja, "Mnamwona yule? Wangu yule!"

Kizibao chake cha kazi kimeandikwa REFUSE mgongoni. Binti yetu alituletea maana yake kutoka shule: kukataa. Twaibah alifurahi, wallahi! Akawa anatembea kifua mbele, akijua ameandikwa mtu aliyeukataa uchafu.

Siku moja akaja kaka yake mkubwa, Bruhan, mfanyabiashara wa Nakaloke kule Mbale. Kiingereza kimemjaa mpaka puani. Akakiona kizibao kwenye kamba, akacheka hadi akashika mbavu.

"Dada, hilo neno ni takataka! Wamekuandika takataka, na wewe unavaa!"

Banange, nilitaka kumrushia mwiko! Lakini shemeji ni shemeji, nikameza hasira.

Kisha akaacha kucheka. "Watu wananisema huko Mbale. Acha kazi hii. Usipoacha, usikanyage nyumbani, hata Idi usije kumwona mama."

Mama yao ni mzee, hatoki tena. Twaibah akamgeukia.

"Kaka, na maana ya kukataa haimo?"

"Imo. Herufi zile zile, matamshi tofauti."

"Basi langu litamke hivyo. Kazi siachi. Na wewe sikuchukii, kaka, nimekukatalia tu. Hayo ni maneno mawili."

Hee! Bwana mkubwa akaondoka hata chai hakunywa.

Idi ikafika, tukaenda Nakaloke. Twaibah kavaa gauni lake jipya la gomesi. Tulipofika, Bruhan alikuwa mlangoni, kashika miimo kwa mikono miwili.

"Nilisemaje?" akauliza.

Twaibah akachungulia kando yake. Akapaza sauti, "Asalaam alaikum, mama! Ni mimi, mzoa taka wako!"

Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa hofu na kwa fahari, sijui kipi zaidi. Ndani kitanda kikalia, fimbo ikagonga sakafu polepole, na mama akatokea nyuma ya mwanawe.

"Bruhan, nyumba hii ya nani?"

"Yako, mama."

"Basi toka mlangoni, mtoto wangu aingie."