Kabati la Samaki Wasiosomwa

Shemeji yangu aliingia ofisini kwangu bila hodi, akabwaga samaki mezani, akasema, "Msome huyu. Msome nikiona."

Samaki mwenyewe alikuwa mwekundu, mnono, maji yanamchuruzika juu ya kibodi yangu. Wenzangu wa ofisi ya pili walichungulia, wakaziba pua, wakatoweka.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana hasira bado ninayo na nikianza vibaya nitatukana.

Kazi yangu ni kusoma umri wa samaki. Ndani ya kichwa cha samaki kuna kijiwe kidogo cha sikio. Kila mwaka kijiwe kinaongeza mduara mmoja. Unakikata, unakiweka chini ya hadubini, unahesabu miduara. Ukishajua umri wa samaki wengi, unajua baharini wazee wako kiasi gani na watoto kiasi gani, na kama wavuvi waendelee au wapunguze.

Ila msomaji hawi mmoja. Nikisoma mimi, anasoma na mwingine asiyejua nimepata nini. Tukitofautiana, tunarudia. Macho ya mtu mmoja hudanganya, hasa yakichoka.

Msomaji mwenzangu, Bi Mkubwa, alistaafu. Hakuletwa mwingine. Vijiwe vikazidi kuja kutoka sokoni, kila kimoja na bahasha yake, nami navitia kabatini. Kabati likajaa, nikaanza kupanga juu yake.

Asubuhi ile wizara ilikuwa imesimamisha uvuvi wa samaki wekundu. Eti takwimu hazitoshi, kwa hiyo tahadhari. Shemeji ana mashua moja, na dada yangu na wanawe wanakula kwa mashua hiyo.

"Tazama alivyonona!" Shemeji alifoka. "Siku hizi wote wako hivi. Bahari iliyoisha inatoa samaki kama huyu?"

"Hata mimi naona kama wewe, shemeji. Lakini peke yangu siwezi kuthibitisha."

"Na bahasha zote hizo?"

"Samaki wa miaka ya nyuma. Hawajasomwa."

Alinitazama mpaka nikaona aibu, na aibu yenyewe haikuwa yangu.

Mara akaingia bosi. Sisi humwita Mzee wa Vikao.

"Humu kuna harufu gani?"

"Harufu ya kazi, bosi. Naomba mtu wa pili."

"Bajeti yote imekwenda kwenye meli, unajua."

Meli ya utafiti tulikuwa tunaiona dirishani, nyeupe pee. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, na tangu siku hiyo haijaondoka gatini, kwa sababu wataalamu wa kuipanda hawajaajiriwa.

"Kwani huwezi kusoma mara mbili?" bosi akaniuliza. "Asubuhi unakuwa msomaji wa kwanza, mchana unakuwa wa pili."

Weee! Kichwa kiliwaka moto.

"Bosi, mtu akijisahihishia mtihani mwenyewe atafeli lini?"

Shemeji aliangua kicheko. Bosi alitoka akibamiza mlango.

Nikampigia simu Bi Mkubwa. Kesho yake akaja na miwani yake, bure kabisa. "Nimekuja kwa ajili yako, mwanangu. Hao wengine sitaki hata kuwaona."

Tukasoma tukiwa tumepeana migongo, ili tusichunguliane.

Sitawaficha, nilitaka maneno ya shemeji yawe kweli. Kila nikifungua bahasha naomba moyoni: awe mdogo huyu, awe mdogo.

Hawakuwa wadogo.

Wengi wao miaka yote walikuwa samaki wa rika lile lile moja, wanazidi kuongeza mduara tu. Nyuma yao watoto wanapungua kila mwaka, mpaka hakuna. Kumbe ndiyo maana walinona: walikuwa wazee! Yule wa shemeji aliwapita wote kwa umri.

Na uchungu zaidi ulikuwa kwenye bahasha za mwanzo, zile zilizokuja mara tu Bi Mkubwa alipoondoka. Watoto walishaanza kupungua tangu wakati huo. Tungezisoma mapema, wavuvi wangeambiwa wapunguze kidogo, basi. Sasa ni kufunga kabisa, na hakuna anayejua mpaka lini.

Bi Mkubwa alivua miwani akalia. Mimi nililipiga kabati teke.

Jioni nikaenda kwa dada, nikawaeleza wote wawili.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nawamaliza wazee huku najisifu," shemeji alisema polepole, "na nyinyi jibu mmelifungia kabatini."

"Ndiyo, shemeji."

"Kwa kukosa mtu mmoja?"

"Mmoja tu."

Dada akaniambia nirudi kwangu. Sikumlaumu.

Baada ya hapo nilipiga kelele kila kikao, mpaka nikapewa jina la Spika. Hatimaye bosi akanipigia simu mwenyewe, sauti imejaa furaha.

"Haya, mshukuru Mungu! Nafasi za ajira zimepitishwa!"

"Za wasomaji?"

"Za walinzi. Meli ile ni mali ya umma, bwana, tukizubaa wataing'oa vyuma."

Nilikata simu kabla mdomo haujaniponza.

Siku hizi nikifika kazini, geti linafunguliwa na mlinzi mpya. Sare imembana mabega, mabega yaliyozoea kuvuta nyavu. Mashua yake aliiuza.

"Shemeji," ananiuliza kila asubuhi, "mwenzako ameshaletwa?"

"Bado."

"Haya, pita."

Ndugu zangu, mkialikwa siku ya kukata utepe, msikimbilie kupiga makofi. Nyoosheni mkono muulize: na watu wa kukitumia chombo hiki wako wapi? Mkitolewa nje kwa swali hilo, njooni getini kwetu. Shemeji atawapa kiti.