Kabla ya Kufunga Kamba

Manzese, siku ya matanga, mama yake Shaibu alinishika mkono mbele ya wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu. "Waliniambia mwanangu alikuwa ameshatua," alisema. "Mtu ameshatua, anakufaje?"

Shaibu na mimi tulisomea urubani pamoja. Yeye alipata kazi ya kurusha ndege ndogo ya mizigo. Mimi nikabaki Tegeta na leseni yangu, nikisubiri kuitwa. Ndege yake iligusa ardhi salama, ikakimbia kidogo, kisha upepo wa ubavuni ukaitoa njiani hadi mtaroni. Hayo tuliambiwa. Kwa nini hakuirudisha njiani, hakuna aliyejua. Nilimwahidi mama kwamba kabla ya arobaini nitamletea jibu, na nilipofika nyumbani nikajuta. Je, kama jibu ni kwamba alizembea? Je, kama jibu halipo? Kila nikilala niliitua ile ndege kichwani, na kila mara iliishia mtaroni.

Nikampigia Kapteni Murtaza, rubani mstaafu anayefundisha kurusha ndege za gurudumu la mkia, zenye magurudumu mawili makubwa mbele na kagurudumu kadogo nyuma, ambazo upepo wa ubavuni huzitoa njiani kwa urahisi kuliko zote. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa simu siwezi kukueleza. Njoo, miguu yako itakueleza."

Asubuhi nilipanda treni ya umeme kwenda Morogoro. Jirani yangu alikula ndizi, akalala. Mimi nilisoma habari za upepo mpaka mashamba ya mkonge yakaanza kupita dirishani, na sikukumbuka hata mstari mmoja.

Kiwanja kilikuwa nje ya mji, ukanda wa nyasi chini ya milima. Kapteni alikuwa kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyepiga tena na tena kuuliza kama kuna choo?"

"Ndiyo."

"Kipo. Panda ndege."

Ndani, pua ya ndege ilinyanyuka hadi ikaziba njia yote. Nikamwambia sioni mbele. "Hakuna anayeona," alisema. "Kata kushoto, kata kulia, uchungulie ubavuni." Siku hiyo hatukuruka, tulizunguka nyasini kama walevi.

Ndege tulizosomea zina gurudumu chini ya pua, na zikiyumba hujinyoosha zenyewe. Hii uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa. Ikianza kupinda, mkia unataka kuipita pua, na usipouzuia unakuzungusha mpaka bawa lichimbe ardhi. Kinachouzuia ni miguu juu ya pedali, kidogo kidogo, bila kukoma.

"Miguu iko likizo hiyo!" Kapteni alipiga kelele. "Acha kufikiri, bwana! Ukimaliza kufikiri tumeshapinduka!"

Mchana wa siku ya tatu, upepo ukitoka milimani, nilitua laini kuliko siku zote. Nikashusha pumzi. Nikatabasamu. Papo hapo mkia ukachomoka, nyasi zikaanza kupita mbele ya kioo kwa ubavu. Kapteni akakanyaga pedali kwa nguvu, tukasimama tukikitazama kichaka. Akazima injini.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimefurahi."

Hakunikaripia. "Kwangu mimi hujatua mpaka uiegeshe, uifunge kamba ardhini upepo usiiondoe," alisema.

Nilishuka, nikakaa nyuma ya mapipa ya mafuta. Nilikuwa nimeuona uso wa Shaibu, na ulikuwa unatabasamu.

Siku zilizobaki nilirudia jambo hilo moja, mpaka miguu ikaanza kuujibu upepo kabla yangu. Mimi, mtu wa mawazo mengi, sikuwahi kujua kwamba mwili unaweza kunitangulia. Nadhani hata nikirudi kwenye ndege ya kawaida, ile inayosamehe, nyayo zangu hazitalala tena.

Manzese tena, siku ya arobaini. Baada ya dua, sahani za pilau zikiwa bado zinazunguka, mama aliniita mlangoni.

"Umerudi na nini, baba?"

"Mama, sikuwapo, siwezi kuapa. Ila nadhani alitua vizuri, akafurahi. Na ndege ilikuwa bado inakimbia."

"Kwa hiyo alikosea."

"Kosa hilo hilo nimelifanya mimi. Mimi nilikuwa na mtu pembeni."

Karakana ya jirani ilikuwa inachomelea geti. Alingoja kelele zipungue.

"Akifurahi alikuwa anacheka kwa mabega," alisema. Kisha akanitazama. "Basi wewe ukitua, usifurahi mpaka umenipigia."

Siku hizi nina kazi. Kila nikifunga kamba ya mwisho, ya mkia, napiga simu Manzese. Mama huuliza kama nimeshafunga. Nikisema ndiyo, hukata bila kuaga.