Mkanda Niliouunguza

Mama yangu alikataa kupigwa picha maisha yake yote, na mimi, mwanawe wa kike, ndiye niliyekuwa na studio pale Bulyaga, mtaa wa Tukuyu. Wateja walinitania kwa hilo mpaka nikachoka kucheka. Sababu yake ilikuwa moja tu: picha inakwenda kukaa kwa watu, inakodolewa macho na mtu ambaye hata hajakusalimia. Asubuhi ile alinishangaza. Nilikuwa nafunga mkoba niende Matwebe, yeye ameketi kizingitini anamenya maharage, akasema bila kuinua uso, "Haya, nipige, kabla sijaghairi." Nikapiga mbili harakaharaka. Kisha nikaondoka naye ndani ya kamera.

Aliyeniita kule Matwebe alikuwa kijana mmoja aliyeuza mitumba Tukuyu mjini. Zilikuwa enzi za ruksa, maduka yamejaa vitu ambavyo miaka michache nyuma tulikuwa tunavisikia tu, na yeye alikuwa ameshanunua redio ya kaseti na makochi. Kilichobaki ni picha kubwa ya rangi ya familia nzima, ya kutundika sebuleni. Njiani, akinibebea stendi ya kamera, akanitajia watakaokuwamo: baba yake, mke wake na watoto wawili. Wote pamoja.

Nikasimama palepale. Kwetu Unyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akisikia mzee anakuja, mwanamke anaacha njia, anaingia migombani, anajifunika kanga mpaka apite. Mzee naye anakohoa kabla ya kutokeza, ili asimkute. Na hili si suala la adabu tu. Mwiko ukivunjwa, watu wanaamini madhara yanamwangukia mtoto, na mke wa kijana huyu alikuwa mjamzito.

"Mkeo anajua?" nikamuuliza.

"Dada, hayo ni mambo ya kizamani. Siku hizi ruksa kila kitu."

"Mimi simpigi mtu kwa ruksa yako. Akikataa, narudi mjini."

Akacheka, akasema sawa, atazungumza naye. Sikumwamini. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilifika pale uso umeshakunjamana.

Benchi lilikuwa limewekwa mbele ya nyumba, mgongo kwa mlango. Mkewe alitoka jikoni amevaa gauni la kanisani, tumbo limeshaanza kuonekana, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Nikamwita pembeni.

"Mdogo wangu, umekubali picha hii?"

"Nimekubali, dada. Mimi na watoto."

"Na mzee yuko wapi?"

"Amekwenda kwa ndugu yake tangu asubuhi. Ndivyo nilivyoambiwa."

Roho ikatulia kidogo. Kidogo tu, maana mumewe hakukaa benchini. Alisema ataingia kwenye picha ya pili, akaja kusimama begani kwangu, akawa anasumbua. Kwanza wasogee kushoto. Halafu akaniuliza, "Mlango unaonekana?"

"Mlango wa nini?"

"Uonekane tu. Ni mzuri, nimeupaka rangi."

Nikauangalia ule mlango. Haukuwa umefungwa vizuri. Nikanyanyua kichwa kutoka kwenye kamera nimwambie mwanamke asimame, na kabla sijafungua mdomo, ndani ya nyumba mtu alikohoa.

Mzee wa watu alikohoa kwa mazoea, hata baada ya kuhakikishiwa na mwanawe kwamba mkamwana wake yuko mtoni na kwamba nje wanamsubiri wajukuu. Mlango ukafunguka. Mwanamke aliruka, kanga kichwani, akawasukuma watoto, akakimbilia migombani. Mkono ukapita juu ya bega langu, kamera ikalia.

"Imeingia!" mumewe akapiga kelele. "Wote wamo!"

Mzee alikuwa amegeuka, uso ukutani, viganja vimefunika macho. "Ulisema ameenda mtoni," akawa anarudia. "Ulisema, wewe. Ulisema." Sauti yake ilinichoma kuliko kelele zote za mwanawe. Akarudi ndani akipapasa ukuta, akajifungia.

Nilimtukana yule kijana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hayakumwingia. Alitaka picha isafishwe Mbeya, kubwa, yenye fremu, wazee waone kwamba hakuna aliyekufa. Akaushika mkanda wa kamera wa shingoni, nami nikauvuta kwangu. Tukawa tunavutana uani kwa watu, mbele ya watoto wanaolia.

Ndipo sauti ikatoka migombani. Sikumwona, niliona ncha ya kanga tu.

"Dada. Nimo?"

Ningeweza kumdanganya. Kuna saa uongo unakuja mdomoni wenyewe, mtamu kabisa. "Sijui," nikasema. "Huenda umo. Huenda mmo wote wawili."

Halafu akasema, polepole, "Nitoe humo."

Hakuna njia ya kumtoa mtu mmoja kwenye mkanda ambao haujasafishwa. Hilo nililijua mimi peke yangu pale uani. Mama yangu alikuwa humo humo, picha chache nyuma yake, na kikapu chake cha maharage. Nilitaka kumwambia angoje, niende nao mjini, nitaona la kufanya. Lakini nilijua pia kwamba angelala na picha ile kichwani kila usiku mpaka ajifungue, na mumewe angenifuata studio kila siku.

Nikafungua kifuniko cha nyuma. Nikauvuta mkanda wote, mrefu, wa kahawia, nikauinua juani mpaka mwisho wake, mwanga ukaziunguza picha zote. Yule kijana alishika kichwa. Mwanamke akatoka migombani, akaupokea mkononi, akautazama pande zote mbili. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Walikuwamo na wengine?"

"Mama yangu."

Akaniangalia sana. "Ndaga fijo, dada," akasema, yaani asante sana, akaenda kuwashika watoto wake.

Jioni nilimweleza mama, nikilia bila aibu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ana mimba, ulisema?"

"Ndiyo."

"Basi vizuri."

"Mama, kesho nikupige tena?"

"Hapana," akasema. "Mimi nilikubali mara moja."

Hakukubali tena mpaka anaondoka duniani. Siku nyingi nilimkuta kizingitini, jua la asubuhi limemwangukia upande mmoja wa uso, hana habari kwamba nimefika. Kamera ilikuwa mezani, hatua mbili tu, ina mkanda mpya ndani. Niliiacha hapohapo, nikakaa karibu yake, nikavuta kikapu cha maharage.