Nilirudi kampasi ya Butiama kuitafuta sauti ya marehemu mke wangu

Jumatatu ya Pasaka mwaka huu nilimzika mke wangu, Nyangeta. Baadaye simu yenye voice note zake ikanidondokea ziwani pale Mwigobero, nikishuka kwenye boti.

Wakuu, hamjambo. Elimu yangu ni form four na kuandika sijazoea, ila haya yametokea na siongezi kitu.

Binti yetu Nyanjura aliniambia ameanza kuisahau sauti ya mama yake. Hilo ndilo lililonipeleka Butiama.

Kabla hatujaoana, mimi na Nyangeta tulikuwaga wasaidizi wa utafiti kwenye kampasi ya chuo kule. Tunazunguka vijiji vya ziwani, Musoma na Bunda, tunahoji akina mama wanaoanika dagaa, tunarekodi, kisha tunarudi kampasi kusikiliza na kuandika.

(Watu wanadhani utafiti ni koti jeupe. Sisi tulinuka dagaa mpaka kanisani watu wanatuhama benchi.)

Chumba chetu cha kazi kilikuwa cha mwisho koridoni. Dirisha tuliliziba kwa godoro ili kelele za ng'ombe zisiingie kwenye recorder.

Nilifika mchana kweupe, wanafunzi wako likizo. Mtunza vifaa, dada mmoja mcheshi anaitwa Rhobi, akasema siku hizi kile chumba ni stoo, ila kompyuta ya zamani ipo na inawaka. Akanifungulia.

Godoro lilikuwa bado pale dirishani. Lina bonde Nyangeta alipokuwaga anaegemeza mgongo.

Nikaweka kiganja. Palikuwa na joto.

Jua lilikuwa upande wa pili wa jengo. Sina maelezo, nasema nilichogusa.

Rhobi akafungua mafaili. Sauti za akina mama wengi, upepo, kuku. Kisha faili moja fupi, ya kujaribu recorder.

"Mafuru! We Mafuru!"

Nyangeta. Enzi hizo bado ananiita jina, kabla sijawa Baba Nyanjura.

Sasa, kwa wasiojua: kwetu ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, huitiki. Unanyamaza mpaka umwone, maana anaweza kuwa marehemu anakuita umfuate. Tumelelewa hivyo.

Baada ya jina kulikuwa na ukimya kwenye ile rekodi.

Mimi nikaitika. "Naam." Ilinitoka tu.

Rhobi akanishika mkono. "Baba, we kwenu hukufundishwa?"

Na Nyangeta, kwenye spika, akasema taratibu, "Sasa si ungeitika tangu mwanzo?"

Rhobi akatoka nje. Nilimsikia akitembea haraka koridoni.

Nilikaa pale mpaka nikakumbuka. Siku ile aliniita kutoka humu ndani, mimi niko koridoni simwoni, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Nilipotokeza mlangoni ndipo akasema yale maneno. Alinichekaga sana kwa hilo.

Kwa hiyo maelezo yapo. Hata hivyo niliondoka bila kuligeukia lile godoro. Rhobi alinihamishia faili kwenye simu yangu mpya akiwa amesimama nje ya mlango.

Nilichojifunza ni kidogo: sauti za watu wako zitunze zaidi ya sehemu moja. Picha ninazo nyingi, lakini picha haikuiti.

Nanyi watu wa Mara humu, naomba mniambie bila kunificha. Kuitika kule kunahesabika? Na kama kunahesabika, kuna la kufanya? Wengine pia changieni, hata wa kunicheka, sitakasirika.

Kilichotokea mwisho ni hiki.

Jioni nilirudi nyumbani Iringo. Nyanjura alikuwa anachambua mchele. Nikaweka simu mezani, nikabonyeza.

"Mafuru! We Mafuru!"

Safari hii nikafunga mdomo. Ukimya ukapita. Yale maneno mengine yakaja, faili likaisha.

Nyanjura hakulia. Aliomba nirudie. Nikarudia.

Ulipofika ule ukimya, akainua uso kutoka kwenye ungo, akanitazama.

"Baba, mama anakuita."

Nikaitika.