Ndege wa Ukutani kwa Kingsley

Mwaka wa 1954, pale Kabuta, kijiji cha kando ya ziwa, hakuna mwanamke aliyejua kupamba nyumba kama Eness Kafula. Ukuta ukishasilibwa na kukauka, ndiye aliyeitwa. Alikuja na vibakuli vitatu: udongo mweupe, udongo mwekundu, na masizi ya chungu yaliyokorogwa kwa maji. Alichora kwa vidole na kwa kijiti kilichotafunwa ncha. Kawaida yake ilikuwa mistari na pembetatu, na watu waliridhika.

Kiangazi hicho mvuvi kijana aitwaye Kingsley alikuwa anamalizia nyumba ya kumwoa Beauty, binti wa Kilwa, kisiwa cha katikati ya ziwa hilo.

"Mama Chola," alimwambia Eness, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "mchumba wangu anapenda ndege. Nijazie ndege ukuta mzima wa mbele."

Eness akajaza. Kwa siku mbili ndege kumi na wawili wakawa wamesimama ukutani, naye akarudi nyuma kuwatazama, akajiona hodari.

Mtu wa kwanza kupita alikuwa Katongo, mchuuzi aliyevuka ziwa mara kwa mara kutoka upande wa Kongo kununua samaki wakavu. Kwa ajili ya wachuuzi kama yeye, watu wa ufukweni walijua Kiswahili. Katongo alitazama, akashika tumbo, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama Chola, hii ndege ni ya wapi? Iko na shingo ya korongo, miguu ya bata na mdomo ya kuku! Na ingine zote ni ndugu yake, sura moja!"

Wavuvi waliokuwa wakianika nyavu wakacheka naye. Kilichomuuma Eness si kicheko. Ni kwamba Katongo alisema kweli. Tangu azaliwe ameishi kando ya ziwa, na hakuweza kusema mnandi, yule ndege mweusi mpiga mbizi, ana vidole vya namna gani.

Jioni alimwambia mumewe, Rodwell, "Baba Chola, kesho nakwenda nawe majini."

"Kuvua?"

"Wewe uvue. Mimi nitatazama."

Wakaenda asubuhi nne mfululizo. Rodwell alitega nyavu kando ya mafunjo, Eness akakaa nyuma ya mtumbwi akitazama. Aliwaona wanandi wakitoka majini na kutandaza mabawa juani kama nguo zilizoanikwa. Mmoja alinaswa wavuni, na kabla ya kumwachia, Eness alimshika mguu: ngozi iliunganisha vidole vyote vinne, wakati bata ana vitatu tu vilivyoungana. Alimwona mdiria mwenye madoa meusi na meupe akipigapiga mabawa mahali pamoja hewani, kisha akidondoka kichwa chini na kuibuka na samaki. Aliona kwamba yule koikoi wa kijivu hukunja shingo anaporuka, lakini korongo hunyoosha yake mbele kama mkuki.

Siku ya nne, juu ya majani ya yungiyungi, waliona ndege wa kahawia mwenye vidole virefu kupita kiasi, akitembea bila kuzama. Chini ya mabawa yake vilining'inia vijiguu vingi vyembamba. Alipoinua mabawa, vifaranga vinne vikadondoka.

"Huyo ni baba," Rodwell alisema. "Mama akishataga anaondoka. Baba ndiye anayelalia mayai na kulea."

Eness alicheka hadi mtumbwi ukatikisika.

Akarudi, akapaka ukuta upya, akaanza mwanzo. Safari hii ilimchukua siku sita.

Katongo aliporudi alikagua kila ndege, mikono nyuma. Kwa mnandi hakuona kosa. Kwa mdiria pia hakuona. Kisha akanyoosha kidole juu.

"Bon, hapa umekosa! Ndege ya miguu mirefu anarukaka shingo imekunjwa. Kila mutu anajua."

"Huyo ni koikoi, ba Katongo," Eness alisema, akitanguliza "ba" ya heshima. " Huyu wangu ni korongo anayekula konokono. Tazama mdomo: una uwazi katikati. Shingo ameinyoosha."

"Hapana!"

"Nenda katazame."

Katongo akaenda kweli. Kesho yake asubuhi alimwomba Rodwell mtumbwi, akakaa kwenye mafunjo hadi jua likawa kali. Aliporudi hakwenda kwenye samaki wake. Alipita kwanza chini ya ukingo wa ziwa, akachimba udongo mweupe, akamletea Eness kapu zima.

"Miye nilikosa," alisema. "Chora ingine."

Siku ya arusi wanawake wa Kilwa walishuka na Beauty kutoka mitumbwini wakipiga vigelegele. Walipoufikia ukuta wakasimama. Shangazi wa bibi arusi alimgusa yule ndege wa kahawia, pale mlangoni.

"Mbona huyu ana miguu kumi?"

Eness akawaeleza. Vicheko vilisikika hadi ziwani.

"Kingsley!" shangazi aliita. "Njoo uone! Huyu ndiye utakayemfuata!"

Kingsley alijikuna kichwa huku wavuvi wenzake wakimpiga mgongo. Beauty aliinama, akaihesabu ile miguu mmoja mmoja kwa kidole. Kisha akamgeukia Eness na kumwuliza kama wakati wa mvua angeweza kumpeleka majini akawaone mwenyewe.

"Tutakwenda," Eness alisema. "Na mumeo atapiga kasia."